Kumfuata Marigu Aliyebebwa na Maji

Mama Mwenda, na ninyi wenzangu wote wa safu ya majani ya ndizi pale sokoni Kangeta, mmenichosha sasa. Kila asubuhi nikifungua mzigo wangu wa majani, mtu ananiuliza: Karimi, huko chini kulikuwaje? Nikianza kusimulia, wafungaji wa miraa wanakuja mbio kutaka majani, hadithi inakatika, na jioni naisikia kwa mtu mwingine ikiwa na mamba ndani yake. Hakukuwa na mamba. Nimeamua kuiandika ili iwe moja. Mnaojua ilivyoisha, nawaomba mnyamaze wenzenu wasome.

Kwanza niseme jambo ambalo wengi wenu hamkulijua mpaka juzi. Mimi ni pacha. Nilizaliwa Kianjokoma, kule Embu, pamoja na dada yangu Marigu, sura moja, sauti moja, hata mwanya wa meno ni ule ule. Bibi yetu aliogopa pacha kama wazee wengi wa zamani walivyoogopa. Kwake yeye, watoto wawili wa tumbo moja walikuwa mkosi juu ya boma zima. Mama alikuwa ameokoka na hakukubali tuguswe, basi wakapatana: mmoja abaki, mwingine apelekwe mbali, na asitokee mtu wa kusema kwamba walikuwa wawili. Mimi ndiye niliyeletwa Igembe kwa mama mdogo, aliyekuwa ameolewa huku. Tulijuana na Marigu tukiwa wasichana wakubwa, tukapendana sana, lakini kule kunyamaza kulikuwa kumetuingia mifupani. Tulikuwa tukikutana Meru mjini, katikati ya watu wasiotujua. Mtu akituuliza habari za ndugu zetu, kila mmoja alijibu bila kufikiri: niko peke yangu.

Kangeta

Mwaka huu Marigu alinipigia akasema amechoka kukutana mjini kama wezi. Anakuja Kangeta, mpaka mlangoni kwangu, watu watuone. Barabara ya juu, ile ya Chuka, ilikuwa imezibwa na maporomoko ya udongo, kwa hivyo akashika njia ya chini, ya Ishiara.

Aliyenipigia baada ya hapo ni dereva. Marigu alikuwa amempa namba yangu ili ajue pa kumshushia. Akaniambia walifika mahali, kabla ya daraja la Thuci, kijito kimepanda juu ya barabara. Gari lisingepita. Abiria wakashuka wakashikana mikono wavuke kwa miguu, na katikati ya maji ule mshikano ukakatika.

"Mama, pole sana," akasema. "Maji yamembeba."

Walimtafuta siku hiyo na ya pili yake, mvua ikawafukuza kabla hawajaufuata mto mbali.

Mlikuja nyumbani kwangu na chai na mkate, na nawashukuru. Lakini Mama Mwenda, leo nakwambia wazi, nilikukasirikia. Ulinishika mkono ukaniambia, "Karimi, Mungu ameahidi. Tukipita kwenye maji, yeye yuko pamoja na sisi." Kila mtu akasema amina. Mimi nikakaa nikiwaza: ameahidi kuwa pamoja naye, sawa, lakini je, ameahidi kumtoa? Ndugu za watu wangapi wamepita kwenye maji wakabaki humo humo? Mchungaji naye, kwa nia njema, akaanza kuuliza siku gani inafaa kwa ibada ya kumkumbuka. Nikamwambia hakuna ibada mpaka nimwone, awe hai au awe maiti. Sikumwambia kwa adabu.

Nilipotoka asubuhi ya safari ya kumtafuta sikuweza kuomba. Nilijaribu, maneno yakakataa. Nilisimama tu mlangoni nikiwa na mfuko wangu nikasema, "Bwana, ulisema." Basi. Hiyo ndiyo sala niliyokuwa nayo njia nzima, na naomba asiyeipenda asiniambie.

Kangeta hadi Meru mjini

Mnaijua ile asubuhi ya ukungu wa Nyambene, unasikia watu kabla ya kuwaona. Nilipelekwa mpaka Meru na mwalimu mmoja wa Sunday school mwenye gari, mtu mwema, lakini hakufunga mdomo. Alinisimulia habari za ndoa ya binti yake tangu Kangeta hadi mjini, na mimi nikaitikia tu, mradi nisiulizwe ninakwenda wapi.

Mjini nikaambiwa gari la kwenda Mitunguu halijajaa. Nikakaa kwenye benchi la mama muuza chai, na kama nilivyokuwa nikifanya kila siku, nikapiga simu ya Marigu. Nilikuwa nimeshazoea ile sauti ya mashine ikiniambia mteja hapatikani. Nilipiga kama vile mtu anavyogusa kidonda.

Ikaita.

Nikasimama, chai ikamwagika. Ikaita tena, kisha mtu akapokea.

"Marigu?" nikasema.

Hakujibu. Nilisikia pumzi, na nyuma yake sauti za wanawake wakiimba kwa chini kabisa, vile watu wanavyoimba kwenye nyumba yenye mgonjwa au yenye msiba.

"Marigu, ni mimi. Sema."

Pumzi ikakatika. Kisha mwanamke akasema, si kwangu, akimwambia mtu aliye karibu naye, kwa Kimbeere, na Kimbeere na Kimeru si mbali: "Ni yeye. Ni sauti yake. Na yeye amelala hapa." Simu ikazimwa. Nilipopiga tena, mashine ikarudi na habari zake za mteja.

Amelala hapa. Maiti hulala, na mgonjwa hulala. Mama wa chai alinitazama kwa huruma akaniuliza kama ni wale wakora.

"Wakora gani?"

"Wa simu. Mimi pia walinipigia wakasema wako na mtoto wangu hospitali. Mama, usitume kitu. Usitume hata kidogo."

Nikamwambia sitatuma. Alinijazia kikombe kingine na akakataa nimlipe.

Mitunguu hadi Chiakariga

Mitunguu nilikaa mpaka jua likawa kali. Kila gari lilikuwa linapanda, hakuna lililokuwa linashuka. Mwishowe nikampata kijana mmoja anaitwa Gitonga mwenye pikapu, anapeleka ndizi Chiakariga na Ishiara, kurudi anabeba ndengu. Akanikubali nikae mbele. Kabla hatujaondoka ndizi zikapakiwa, zikapakuliwa kwa sababu ya mabishano, zikapakiwa tena. Kisha gurudumu likaonekana halina upepo. Nilikaa pale nikisema moyoni ulisema, ulisema, mpaka ikawa kama kuhesabu.

Sasa niwaeleze jambo la chakula, maana ndilo lililoniponza. Sisi watu wa huku juu, kwenye baridi na miraa, tumelelewa na ujinga fulani. Mama mdogo aliniambia tangu sijaota meno: ukishuka kwa watu wa chini, kule kwa joto, usile cha mtu. Wana dawa. Watakutilia kitu. Ninyi pia mliambiwa, msijifanye. Nimesoma Biblia tangu utotoni, nimefundisha watoto kwamba hakuna dawa wala mganga wa kumshinda Mungu, lakini siku ile mfuko wangu ulikuwa na nduma na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la ndizi, na chupa ya maji ya nyumbani. Nilikuwa nimejipanga nisile hata punje ya mtu mpaka nirudi.

Gitonga aliposimama njiani kununua mahindi ya kuchoma akaninunulia na mimi. Nikasema nimeshiba. Akanipa muwa. Nikasema meno.

"Mama, wewe ni wa kufunga?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikadanganya, "nafunga na kuomba."

Akayaficha mahindi yake kwa heshima. Sehemu ya kwanza ilikuwa uongo, ya pili nusu uongo.

Chiakariga

Ilikuwa siku ya soko. Gitonga akashusha ndizi zake, mimi nikaweka mfuko chini ya mti mdogo wa miiba, nikaenda kutafuta mahali pa kujisaidia. Niliporudi, mbuzi wa mtu alikuwa anamalizia jani la ndizi. Nduma hamna, viazi hamna. Mbuzi akanitazama bila haya hata kidogo. Kama si hali niliyokuwa nayo ningecheka.

Nikaingia sokoni kununua hata ndizi, kitu chenye ganda lake. Mbele ya safu ya nafaka kulikuwa na mama mmoja wa rika langu anayeuza ndengu, ameinama anapimia mteja kwa mkebe. Akainua uso. Mkebe ukamtoka mkononi, ndengu zikamwagika vumbini, na hakuzitazama.

"Wewe," akasema. "Wewe uko huku?"

Nikaelewa papo hapo. Huyu amemwona Marigu. Nikamkimbilia, na yeye akarudi nyuma.

"Mama, umemwona wapi? Yuko hai?"

Alikuwa anatikisa kichwa tu. Wale waliokuwa karibu wakanyamaza, kisha waliokuwa mbali kidogo, mpaka nikaanza kuwasikia kuku waliofungwa miguu. Soko zima la mchana, watu wamesimama na bidhaa mikononi, hakuna anayesema.

"Ni dada yangu!" nikasema kwa sauti. "Sisi ni pacha!"

Sikuwahi kulitamka neno hilo mbele za watu maisha yangu yote, na nilipolitamka nikaona limewatisha zaidi. Mzee mmoja akachukua fimbo yake akaondoka. Yule mama wa ndengu akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akachota uji kwenye ndoo yake ya kuuza, akaniletea kikombe. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, uji unamwagika.

"Kunywa, mama," akasema. "Kunywa tu kidogo tuone."

Tuone. Na mimi, na ujinga wangu wa kulelewa, nikauona ule mtetemeko nikasema moyoni, ndiyo haya mama mdogo aliyoniambia. Mbona anatetemeka kama hakuna kitu ndani? Nikarudi nyuma nikasema ahsante, sinywi.

Wakatazamana. "Umeona?" mama wa ndengu akasema polepole. "Hakuli." Akafunga gunia lake kabla soko halijaisha, akatoa simu, akaenda zake akiongea haraka haraka. Nilimfuata mpaka mwisho wa vibanda, akapanda bodaboda, akapotea.

Kuvuka Thuci

Gitonga alinivusha daraja la Thuci, tukaingia upande wa Embu. Hakuwa mwongeaji tena. Alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho, na mara mbili nilimwona akiangalia chini kwenye miguu yangu. Simu yake ikalia. Akasikiliza, akasema "ee", akasikiliza tena, akasema "ee, niko naye." Kisha akasimamisha gari mahali ambapo hapakuwa na kitu ila jua na vichaka.

"Mama, mimi nafika hapa."

"Si ulisema Ishiara?"

"Barabara mbele imekatika na ile maji. Lakini kama unatafuta kwa yule wa kubebwa na maji, shika hii njia ya miguu ufuate mto. Utaona kanisa ya mabati." Akashuka, akautoa mfuko wangu, akauweka chini barabarani badala ya kunipa mkononi. "Mama, sori. Mimi ni mtu ameokoka, sina mbaya na wewe. Lakini tangu Mitunguu sijaona ukikula. Kama wewe ni mtu, Mungu akusaidie. Kama si mtu, mimi sijakukosea."

Akageuza pikapu ndizi zingine zikiwa bado nyuma. Nilitazama mikono yangu, na niwaambie ukweli, wenzangu, kwa muda kidogo niliogopa mimi mwenyewe. Njaa, jua, watu wote wananitazama hivyo: nilijiuliza kama aliyebebwa na maji si mimi, na huyu anayetembea ni nini.

"Bwana," nikasema kwa sauti, ili nijisikie. "Ulisema."

Nikashika njia. Ilipita katikati ya mashamba ya mtama na maboma yaliyozungushiwa miiba. Kwenye boma la kwanza redio ilikuwa inaimba, nilipokaribia ikazimwa. Kwenye la pili mlango ukafungwa, nikasikia komeo. Mtoto alianza kulia mahali akazibwa mdomo. Juu kwenye miti mizinga ya nyuki ilikuwa imening'inia, nyuki wakivuma, na hao ndio pekee waliokuwa wakiendelea na kazi yao.

Kisha nikakuta kata ya kibuyu imejaa uji, imewekwa katikati ya njia. Imewekwa vizuri, imeegemezwa jiwe isimwagike. Hakuna mtu. Uji ulikuwa bado unatoa moshi.

Nilijua kuna macho nyuma ya miiba. Tumbo lilikuwa linanguruma mpaka nikaona aibu. Lakini nani anakunywa uji wa njiani usio na mwenyewe? Nikainua sketi nikauzunguka, nikaendelea. Nyuma yangu nikasikia mtu akishusha pumzi, na miguu mingi ikikimbia kwa njia nyingine kwenda mbele.

Mto niliufikia ukiwa umeshapungua, maji ya rangi ya chai ya maziwa, mpole kabisa. Majani makavu yalikuwa yamenasa kwenye matawi juu ya kichwa changu. Maji yalikuwa yamefika kule. Nilitazama yale majani juu na matumaini yangu yote yakaniishia. Nikakaa kwenye jiwe nikalia, si kilio cha sauti. Nikamwambia Mungu nimechoka na maneno yake.

Nilipoinua macho nikaona ng'ambo ya kona, kwenye ua wa miiba wa boma lililokuwa karibu na kanisa la mabati, sweta limeanikwa. La kijani, mikono imekunjwa mara mbili kwa sababu Marigu alilinunua kubwa. Lilikuwa limefuliwa. Nilijiuliza ni nani hufua nguo ya mfu akaianika vizuri hivyo, na nikajijibu kwamba watu wema hufanya hivyo pia.

Mlangoni

Wanawake walikuwa wamesimama kwenye lango, kama kumi hivi, wengine na leso za chama cha kanisa. Walikuwa wakiimba ule wimbo wa chini niliousikia kwenye simu, na waliponiona hawakuacha, waliongeza. Mbele yao alikuwa mwanamke mzee, mwembamba, miguu yake yote miwili imefungwa vitambaa kuanzia magotini, ameshika nguzo ya lango kwa mikono miwili.

"Simama hapo," akaniambia. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole. "Mimi naitwa Ciarunji. Hii ni boma yangu. Wewe hutamchukua."

Sijui kama mtaelewa nilichosikia. Wote walidhani ananitisha. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba kuna mtu wa kuchukuliwa. Nikaanguka pale mchangani nikacheka na kulia kwa pamoja, na hilo halikunisaidia hata kidogo. Wanawake wawili walikimbia.

"Yuko hai?" nikasema, nikimwita bibi kwa lugha yao. "Cucu, yuko hai?"

"Yuko hai na atabaki hai. Tumeomba. Tumemkumbusha Mungu kila kitu alisema. Sasa wewe unakuja na uso yake kumwita? Enda."

"Mimi ni dada yake. Tulizaliwa pacha."

"Tulimuuliza," akasema Ciarunji, na sauti yake ikapungua ukali kidogo. "Ile jioni ya kwanza alikuwa anaongea. Tukamwambia, mama, tupigie nani wa kwenu? Uko na ndugu? Akasema hana. Akasema, niko peke yangu. Baada ya hapo hajasema kitu tena."

Nilijua Marigu hakudanganya. Aligongwa kichwa, akaulizwa, na jibu tulilofundishwa likatoka lenyewe. Nililia kwa hilo kuliko nilivyolia kule mtoni.

"Na mimi ningesema hivyo," nikamwambia. "Tulifundishwa kusema hivyo. Bibi yetu aliogopa pacha."

Akanitazama. Naona hilo la bibi lilimgusa, maana alikuwa na umri wa kukumbuka hofu hiyo. Lakini mama wa ndengu, kumbe jirani wa boma lile, ambaye alikuwa ametangulia na bodaboda yake, akapaza sauti kutoka nyuma. "Cucu, mwulize kwa nini hakuli! Chiakariga alikataa. Gitonga wa pikapu anasema hakuli. Uji ya njiani aliruka!"

"Ee," akasema mzee. "Kama wewe ni mtu ya nyama, kwa nini hukuli?"

Wenzangu, mimi nimewahi kuaibika. Nimewahi kuanguka kanisani nikiwa na sadaka mkononi. Lakini sijawahi kuona aibu kama ile, kupiga magoti mbele ya wanawake waliomlinda dada yangu, na kutakiwa nieleze. Nikaeleza. Nikasema kwetu juu tunaambiwa watu wa chini wanatilia watu dawa, na kwamba ndiyo maana nilikataa mahindi, na uji, na muwa.

Ciarunji akafanya sauti ya pua. "Ninyi wa milimani," akasema. "Hata sisi tunaambiwa ninyi ndio wachawi."

Akamwita mke wa mwanawe, akaletewa kata ya uji wa mawele. Akaishika mbele yangu niione vizuri, akanywa yeye kwanza, funda kubwa, akameza, akafungua mdomo nione umeshuka. Ndivyo wanavyofanya kule kwa mgeni. Mwenye nyumba anaonja mbele yako, kama kuna kitu kimpate yeye. Kisha akanipa kata bila kuifuta.

Nikanywa. Uji ulikuwa mchachu, mzito, wa moto, na nilikunywa mpaka chini bila kupumua, wote wakitazama koo langu. Nilipomaliza nikacheua. Kwa heshima zote, nilicheua kwa nguvu. Mama wa ndengu akaanza kucheka, kisha wote, na wengine walikuwa wanalia. Wakanijia wakanishika mashavu, mabega, meno karibu wayashike. "Ni mtu! Mungu wangu, ni mtu!" Mke wa mwanawe, yule aliyeianika simu ya Marigu mpaka ikawaka, akaipokea nilipopiga, alikuja mwisho kabisa na bado hakutaka kunigusa mkono.

Ndani

Nesi wa zahanati alikuwa ameshakuja kwa miguu mara kadhaa, akasema mifupa ni mizima, kichwa kilipigwa, asisafirishwe kwenye njia mbovu mpaka barabara ifunguliwe. Marigu alikuwa anameza uji kidogo. Ila hakusema, na hakumtazama mtu. Analala akiangalia ukuta.

Kabla sijaingia nikamuuliza Ciarunji miguu yake imefanya nini. Alisema ni mawe. Alikuwa amefuata mbuzi wake akaona mkono majini, mahali mto unapokunja kona, kwenye mizizi ya mkuyu. Hajui kuogelea. Aliingia akamshika, lakini hakuwa na nguvu ya kumtoa, basi akakaa naye humo, maji yakiwa hapa, akaonyesha shingo, ameshika mzizi kwa mkono mmoja na Marigu kwa mwingine. Mawe yalikuwa yanakuja na maji yanampiga miguu. Alikaa mpaka watu wakaja.

"Ulikuwa unafanya nini muda wote huo, Cucu?"

"Ningefanya nini? Nilikuwa namwambia, niko hapa. Mama, niko hapa."

Mama Mwenda, nilikaa chini kwenye kigoda. Nilikuwa nimeuliza njia nzima kama kuwa pamoja naye kunatosha. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke mzee asiyeweza kumtoa mtu majini, aliyekwenda akakaa naye. Sina zaidi ya hilo la kuwaambia kuhusu ahadi ile, na simkasirikii tena aliyenikumbusha.

Chumba kilikuwa cha giza, kinanuka moshi na dawa. Marigu alikuwa amelala ubavu, mgongo kwangu, kitandani kwa Ciarunji. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kitambaa na nywele za nyuma zilikuwa na mvi nyingi kuliko zangu. Nikasema jina lake. Hakugeuka. Nikasema ni Karimi, nikasema nimekuja, nikaanza mstari wa Biblia ukaniishia katikati. Wanawake walikuwa mlangoni, wanangoja.

Nikavua viatu. Nikapanda kitandani na vumbi langu la njia nzima, nikajilaza nyuma ya mgongo wake pembeni kabisa, nusu ya mwili ukiwa hewani, maana kitanda kilikuwa chembamba na sisi si wasichana tena. Nikabaki hivyo, nimeshika ubao nisianguke, nikisikiliza anavyopumua.

Baada ya muda mrefu, Marigu akasogea ukutani kunipa nafasi.